Mlango wa Kufuli Mbili

Wanaosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, hawajakutana na mimi. Mimi niliyaficha mwaka mmoja na miezi minane, tena sikuyaficha uvunguni mwa kitanda. Niliyaficha peupe, kwenye daftari la mlangoni, ambalo mtu yeyote mwenye macho angeweza kulifungua akasoma. Kila Jumamosi nilishika kalamu nikaandika neno moja kwa mkono wangu mwenyewe, na kila Jumamosi Kihara alisimama kando yangu akinitazama nikiliandika.

Neno lenyewe ni hakuna.

Ngojeni nieleze, maana najua mmeanza kunihukumu na hamjasikia hata nusu. Hukumuni baadaye, mtakuwa na sababu nzuri zaidi.

Base Yetu ni klabu ya vijana. Iko kwenye ukumbi wa zamani wa kota za reli hapa Nakuru, ule ukumbi ambao babu yangu, Mzee Obura, alikuwa akichezea drafti kila akitoka kazini. Tulipoupata ulikuwa na popo, na mabati mawili yameng'olewa na upepo. Hakuna anayetulipa. Mimi kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo katika agrovet moja mjini, na Kihara anafuga ng'ombe wa maziwa kwao Njoro. Tulikutana kwa kaunta yangu. Alikuja kutafuta dawa ya kupe, na badala ya kununua aende zake akasimama kusoma tangazo nililokuwa nimebandika ukutani: "Natafuta watu wa kujitolea. Malipo ni chai."

Akaniuliza, "Chai iko na maziwa?"

Nikamwambia, "Ukileta."

Akaleta. Lita tano kila Jumamosi, kwa pikipiki, mvua ikinyesha au isinyeshe. Hajawahi kukosa hata mara moja.

Sasa sheria. Sheria niliandika mimi, na niliandika kabla hatujanunua hata mpira. Kulikuwa na klabu nyingine, mbali na hapa, sitaitaja, ambapo mke alijua ubaya ambao mumewe alikuwa akiwatendea watoto, na akanyamaza. Nilipoisikia habari hiyo usingizi uliniruka siku tatu. Basi nikasema kwetu mlango utakuwa na kufuli mbili, kila kufuli na mwenyewe. Mtu mmoja hafungui. Mtu mmoja habaki ndani na vijana hata dakika tano. Na wale wawili wa zamu wasiwe ndugu, wasiwe mume na mke, wasiwe wapenzi, kwa sababu mtu hamshtaki wa kwake. Ndiyo maana daftari letu lina safu nne: jina la kwanza, jina la pili, saa ya kufungua, na uhusiano kati ya hao wawili. Ukiandika kitu kingine chochote zaidi ya hakuna kwenye safu ya nne, siku hiyo mlango haufunguki. Wazazi wa mtaa waliisoma sheria hiyo wakatuachia watoto wao.

Wenzetu wawili ni Wasabato. Jumamosi wako kanisani, Jumapili ndiyo zamu yao. Kwa hivyo Jumamosi ilikuwa yangu na Kihara, na hakukuwa na mtu wa tatu.

Nilimpenda mwezi wa tatu tangu alete maziwa. Nikasema tutangoja kidogo, tukipata mtu wa tatu tutasema. Kidogo ikawa mwaka na zaidi.

Jumamosi ninayotaka kuwaambia ilikuwa ya mwisho ya Kihara. Alikuwa amenitumia ujumbe Alhamisi, mfupi kama wa kampuni ya stima ikitangaza kukata umeme: "Mwalimu Naftaly atachukua zamu yangu. Good conduct yake ya polisi inatoka wiki ijayo. Jumamosi hii ndiyo yangu ya mwisho." Mwalimu Naftaly ni mzee aliyestaafu, jirani yetu, mtu mzuri. Mtu wa tatu niliyekuwa nikimngoja muda huo wote alipatikana wakati ambapo sikumhitaji.

Niliamka mapema nikavaa gauni la kijani ambalo Kihara aliwahi kuniambia nisiwe nalivaa kazini, wateja watasahau ng'ombe wao. Nilifika saa mbili unusu. Asubuhi ilikuwa baridi, mlima wa Menengai hauonekani kwa ukungu. Vijana walikuja mmoja mmoja wakaketi kwenye ukuta mfupi wa baraza, mikono ndani ya sweta. Saa tatu ikafika. Saa tatu na robo. Nilikuwa na ufunguo wangu mkononi umeshapata joto, na mlango uko pale pale.

"Madam, si ufungue yako tuone kama ile ingine itaona aibu ijifungue," Jepleting akasema. Huyo ni msichana wetu wa miaka kumi na sita, ana mdomo kuliko wote na anacheza tenisi ya meza kuliko wote pia.

"Ukae chini, Jepleting."

"Nimekaa tangu kitambo. Baridi imenimaliza."

Saa tatu na dakika ishirini pikipiki ikasikika. Vijana wakamshangilia. Yeye akaegesha, akafungua kamba, akashusha mtungi wa maziwa. Alikuwa na matope kwenye magambuti na macho ya mtu ambaye hakulala.

"Sasa, Akoth."

Miezi ishirini nimeitwa Nyar Reli, binti wa reli, kwa Kijaluo alichojifunza kwangu akakisema vibaya makusudi ili nicheke. Jina langu lenyewe, kutoka mdomoni mwake, liliniuma.

"Poa. Umechelewa."

"Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Amezaa salama?"

"Salama. Ndama jike."

Ng'ombe watatu wa kule Njoro wana majina niliyowapa mimi kwa simu, na sijawahi kuwaona. Nikauliza, nikijaribu kuchangamka, "Huyu naye tumwite nani?"

"Mama ameshampa jina."

Akasema hivyo tu, bila ubaya, akapeleka mtungi mlangoni. Mimi nikabaki nimesimama na uchangamfu wangu, sijui niuweke wapi.

Nikamfuata. "Kihara, tuongee kidogo kabla hatujafungua."

"Watoto wanangoja."

"Dakika tano."

Tukasogea kando ya tangi la maji, mahali vijana wanatuona lakini hawatusikii. Hata hilo ni sheria yangu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Alhamisi, nikayakariri nikiosha vyombo, nikayakariri nikipimia watu dawa ya minyoo. Yote yakapotea.

"Mama anaendelea aje?" nikauliza.

"Anaendelea. Anaamka, anakamua, analala. Nyumba imekuwa kubwa."

"Bado amenikasirikia?"

Kihara akanitazama kama mtu anayesikia swali la mgeni. "Nani alikuambia amekukasirikia?"

Hapa lazima nirudi nyuma. Mwanzoni Mama Kihara hakunitaka, na sababu zake zilikuwa zile za kawaida. Ati sisi watu wa kota hatuna hata mahali pa kupanda sukuma wiki. Ati nitampikia mwanawe samaki asubuhi na jioni. Ati Kikuyu changu ni cha sokoni. Kihara alipigana vita hivyo mwaka mzima, na aliyemsaidia ni baba yake, Mzee Mathenge, ambaye figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Mzee akamwambia mkewe, "Huyo msichana aletwe nimwone kabla sijaondoka." Kihara akaniletea hilo neno mbio, uso wote unacheka. Nami nikasema Jumapili ijayo. Halafu nikasema ile ingine. Kwenda kwao rasmi kungejulikana, na kukijulikana, safu ya nne ingebadilika, na Jumamosi ingefungwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mzee Mathenge akafa mwezi wa pili, hajaniona.

Nilienda mazishini. Nilienda na vijana na wenzangu wa klabu, wote tumevaa fulana za kijani za Base Yetu, tukaketi kwenye hema la wageni. Nilimwona Kihara mbele, upande wa familia, na kando yake kiti kimoja kitupu ambacho watu walikuwa wakiulizia na yeye anakataa kukitoa. Nilijua ni cha nani. Sikuinuka.

Kabla ya ibada Mama Kihara alikuja mwenyewe mpaka kwa hema letu, kitambaa cheusi kichwani, watu wakimpisha. Akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye Akoth?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana kwa msiba."

"Nimeshapoa. Niambie, wewe ni nani kwa Kihara?"

Kulia kwangu walikuwa wale wenzetu wawili Wasabato. Nyuma yangu walikuwa wazazi wawili wa klabu. Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo, na neno lililotoka ni lile nililozoea kuandika, ila nililivalisha nguo.

"Tunajitolea pamoja kwa klabu, Mama."

Akaitazama fulana yangu ya klabu. "Asante kwa kuja," akasema, akageuka kusalimia wengine. Alipogeuka ndipo nikamwona Kihara hatua mbili nyuma yake, ameshika kikombe cha maji alichokuwa akimletea mama yake. Alikuwa amesikia kila kitu.

Tangu siku hiyo, Jumamosi tano, alileta maziwa, akafungua kufuli yake, akafanya zamu yake, na hakuniuliza chochote.

"Basi kama hakunikasirikia," nikamwambia pale kwenye tangi, "mbona hakunisalimia tena?"

"Akoth, unajua Mama alikuja kwa hema lenu kufanya nini?"

"Kunipima."

"Alikuja kukuchukua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka. "Baba alimwachia neno hospitalini. Alimwambia, huyo msichana akija kunizika, umkalishe na watoto wangu. Na Mama akakubali. Mama, ambaye mwaka mzima hakutaka kusikia jina lako. Alipita katikati ya watu wote wale aje akushike mkono mwende mkakae kwa kile kiti. Alitaka tu useme mwenyewe."

Nilishika tangi kwa mikono miwili.

"Usiku ule aliniambia neno moja tu," Kihara akaendelea. "Alisema, mimi nilikuwa nimekataa kabila lake, kuanzia leo nimewacha. Lakini wewe mwenyewe yeye amekukana mbele ya jeneza la baba yako. Ungekuwa wewe, Akoth, ungemjibu Mama nini?"

"Niliogopa, Kihara."

"Najua."

"Niliogopa klabu itafungwa. Hawa watoto..."

"Najua, Akoth. Hata mimi nawapenda. Ningeweza kuacha zamu siku yoyote ungesema. Ningekuwa naleta maziwa naenda zangu, na tungeoana. Nilikuambia hivyo mara ngapi?"

Alikuwa ameniambia. Mara nyingi. Na ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu ni kwamba Jumamosi zile, kuanzia saa tatu hadi saa tisa, ndizo saa pekee za wiki ambazo sikuwa mpweke. Mama yangu alishafariki, kaka zangu wako mbali, chumba changu kina kitanda na redio. Kama Kihara angeacha zamu ningebaki na Jumapili za kutembelea wakwe na Jumamosi za mtu mwingine. Nilitaka vyote viwili. Nilimtaka yeye, na nilimtaka pale, kando yangu, akichanganya chai na kuwatania watoto. Huo ndio uchoyo wangu, na niliuita sheria.

"Madam," Jepleting akaita kutoka kwa baraza, "kuna watu hapa wanangoja hiyo chai tangu jana. Sio utani."

Alisema akicheka, lakini haukuwa utani. Wawili au watatu kati yao, tunawajua, kile kikombe na mkate ndicho chakula chao cha mchana.

Tukarudi mlangoni. Daftari liko kwenye kijisanduku cha mbao kando ya mlango. Nikalitoa, nikalifungua ukurasa wa mwisho. Juu yake mistari yote, wiki baada ya wiki, mwandiko wangu. Akoth. Kihara. Saa tatu. Hakuna. Akoth. Kihara. Saa tatu. Hakuna. Mtu angedhani ni mtoto aliyeadhibiwa shuleni aandike neno moja mpaka limwingie.

Nikaandika jina langu. Nikaandika jina lake. Nikaandika saa tatu na dakika arobaini. Halafu nikaandika kwenye safu ya nne, polepole, kwa herufi kubwa ili zisomeke: TUNAPENDANA.

Nikampa kalamu aweke sahihi. Nilijua mlango hautafunguka, nilijua vijana watarudi nyumbani, nilijua Jumatatu wazazi watakuwa kwangu na maswali. Yote nilikuwa tayari nayo. Nilitaka tu asome kisha aniangalie kama zamani.

Alisoma. Alisoma kwa muda mrefu, kwa neno moja. Nikaona machozi yakimjia, nikajua nimempata.

"Ungelisema pale lilipoulizwa," akasema.

"Nalisema sasa. Linasomeka na kila mtu."

"Naona." Akajifuta uso kwa mkono wa sweta. Akawatazama vijana pale kwenye ukuta, wote wametugeukia, Jepleting amesimama kabisa. "Na hawa waende wapi leo?"

"Leo tu, Kihara. Siku moja."

"Baba naye alikuwa anangoja siku moja."



Sheria yetu, hiyo nayo niliandika mimi, inasema ukurasa haung'olewi na neno halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kile kilichoandikwa kibaki kinasomeka, halafu wote wawili mnaweka sahihi kando. Kihara akainama. Akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya TUNAPENDANA. Chini yake, kwa mwandiko wake, akaandika neno ambalo muda wote huo alikuwa ameniachia mimi.

Hakuna.

Akaweka sahihi, akanirudishia kalamu.

"Weka na wewe."

"Kihara, tafadhali."

"Jumamosi zote hizo umeandika uongo na mimi nikaweka sahihi, kwa sababu yako. Hii moja ni ya kweli. Weka sahihi watoto waingie."

Niliweka. Mkono wangu uliweka, mimi sikuwepo. Akafungua kufuli yake, nami nikafungua yangu, mlango ukasukumwa, vijana wakapita kati yetu wakipiga kelele na kugombania raketi.

Mnajua adhabu ya sheria nzuri? Hakuweza hata kuondoka. Wawili wanaofungua ndio wanaofunga. Tulikaa ndani ya ukumbi ule mpaka saa tisa, mimi jikoni na yeye kwenye meza ya tenisi, na kila nilipoinua macho alikuwa pale, umbali wa hatua kumi, akimwambia Jepleting apinde magoti, akicheka kicheko chake kile kile. Nilichemsha chai kwa maziwa yake. Nilimpelekea kikombe, bila sukari anavyopenda, akasema asante kama unavyomwambia mtu wa hoteli. Nilirudi jikoni nikageukia ukuta nikalia bila sauti, kisha nikaosha vikombe.

"Madam, kwani moshi?" Jepleting akaniuliza mlangoni.

"Ni moshi."

Jiko letu ni la gesi. Akaniangalia, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vikombe bila kusema neno, na huyo ni Jepleting.

Saa tisa vijana wakatoka. Wakamkumbatia Kihara, kocha wao, wakamwambia asiwasahau, wakamwimbia kidogo. Halafu wakaenda, na baraza likabaki letu. Upepo ulikuwa umeanza kuleta vumbi kutoka upande wa ziwa. Nilifunga kufuli yangu. Akafunga yake, akaivuta kujaribu kama imeshika, kama kawaida yake.

Akauchomoa ufunguo wake kwenye pete ya funguo za pikipiki. Ulikuwa umebana, ilimchukua muda, na katika muda huo nilitamani usitoke kamwe. Ukatoka. Akaniwekea kiganjani, na vidole vyake havikugusa vyangu.

"Mpe Mwalimu Naftaly."

"Na maziwa?" Sijui kwa nini niliuliza maziwa.

"Nimeongea na mtu wa Njoro, atakuwa anakuletea kila Jumamosi. Nimemwonyesha njia."

Alikuwa amefikiria mpaka hilo. Akavaa kofia ya pikipiki, akaketi, akawasha. Kisha akaizima tena, nami nikapiga hatua moja mbele.

"Yule ndama," akasema. "Mama amemwita Kiti. Tulimuuliza kwa nini, hakutujibu."

Akawasha, akaenda. Nilisikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukachanganyika na milio ya mji.

Niliketi kwenye ule ukuta mfupi wa vijana. Nilitaka kurudi ndani. Nilitaka kuketi tu kwenye meza ya tenisi, mahali alipokuwa ameegemea, kabla joto lake halijaisha. Nilikuwa na funguo zote mbili mkononi, na nilikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja hafungui.